Mama alianza kusahau, tukaanza kuitazama sahani yake: uzi kuhusu chakula na ubongo wa mzee

Mwana wa Tandika (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa, nimelikalia jambo hili kwa zaidi ya mwaka kabla ya kulileta hapa. Sikutaka kuandika nikiwa na hofu, na wala sikutaka kuongeza ujumbe mwingine juu ya zile zinazosambazwa kwenye makundi ya simu, kwamba jani fulani au kitunguu fulani humrudishia mzee kumbukumbu kwa siku saba.

Mama yangu ana miaka 72 na anaishi Tandika na mjukuu wake aliye kidato cha tatu. Mwaka juzi alianza kuuliza swali lile lile mara tatu ndani ya simu moja. Akaunguza sufuria ya maharage mara mbili katika wiki moja, yeye ambaye tangu utoto wetu alijua maharage yameiva kwa harufu tu, akiwa amekaa barazani. Sisi watoto tukasema ni uzee. Shangazi akasema amerudi utotoni. Jirani mmoja akadokeza mambo ambayo sitayaandika, maana sote tunajua namna vikongwe wa nchi hii wanavyosingiziwa pindi wanapoanza kuchanganya maneno.

Kituo cha kwanza tulichompeleka, ambacho sitakitaja, walimpima presha, wakatuambia ni umri, wakampa chupa ya vitamini, tukalipa na kurudi nyumbani. Hakuna aliyeuliza anakula nini. Nami sikuwa nimeuliza, mpaka nilipokaa kwake siku nne wakati wa likizo ya Pasaka nikaanza kuandika kwenye daftari kila kilichoingia kinywani mwake.

Asubuhi alikunywa chai ya rangi yenye vijiko vitatu vya sukari, pamoja na maandazi mawili. Mchana alikula tonge chache za ugali wa sembe na mchuzi wa maharage, maharage yenyewe akiyaacha pembeni. Usiku ilikuwa chai tena na mkate. Kwa siku nne hapakuwa na yai, samaki wala nyama, na mboga alikula mara moja tu, mchicha uliochemshwa na magadi hadi ukawa rojo. Maji hayakuzidi glasi mbili kwa siku. Nilipomuuliza sababu, alinijibu kwa utulivu kwamba choo kiko nje, taa ya uani imeungua, na yeye hataki kuteleza usiku. Kuhusu nyama alifungua mdomo akanionyesha: magego yamebaki manne, na hakuna hata mawili yanayokutana.

Daktari wa pili tuliyemwona ndiye aliyeuliza maswali ya maana. Alitaka kujua chakula, akataka kuona dawa zote anazotumia, akaona kwamba mama ametumia metformini ya kisukari kwa miaka tisa, kisha akaagiza vipimo vya damu, tezi ya shingo na vitamini B12. Hiyo B12 ilikuwa chini mno. Akaanzishiwa sindano. Baada ya miezi kadhaa ganzi ya miguu, ambayo hakuwahi kutuambia, ilipungua, na yale maswali ya kujirudia yakapungua pia. Hayakwisha. Daktari alitueleza bila kuficha kwamba sehemu ya tatizo ilikuwa upungufu huo, na sehemu nyingine huenda ni mishipa midogo ya damu ya ubongo iliyochakaa kwa presha na sukari, na hiyo hairudi ilivyokuwa.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma, na ninachotaka kusema hapa ni kimoja. Sisi tunatafuta chakula cha kuongeza akili, wakati mzee wa Dar es Salaam anapoteza akili kwa njia za kawaida kabisa zinazopita kwenye sahani yake: chumvi inayopandisha presha, sukari inayoharibu mishipa, vitamini inayokosekana, maji yasiyonywewa na meno yasiyotafuna. Hizo zinaonekana kwa macho. Ukikaa siku nne na daftari utaziona.

Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati ya mwili uliopumzika, na hauna ghala la kuhifadhi nishati hiyo. Unategemea damu inayofika kila dakika kupitia mishipa ambayo mingine ni myembamba kuliko unywele. Kwa hiyo kinachoharibu mishipa ya moyo na figo huharibu na ya ubongo. Madaktari huita hali ya kupoteza kumbukumbu, lugha na maamuzi hadi mtu ashindwe kujiendeshea maisha yake dimensia, na aina zinazoongoza ni ugonjwa wa Alzheimer na ile itokanayo na mishipa ya damu. Wazee wengi wana zote mbili kwa pamoja.

Wapo wanaodhani haya ni magonjwa ya Ulaya. Katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti walipita vijijini wakawapima watu 1,198 wenye miaka 70 na kuendelea, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba takriban asilimia 6.4 walikuwa na dimensia. Huo ni ushahidi wa kijijini, nyumba kwa nyumba, katika nchi hii hii.

Nitaendelea baadaye na habari za tafiti za chakula chenyewe. Kwanza ningependa kusikia wenzangu wenye wazee nyumbani mmekutana na nini.

Kibua wa Feri

Pole sana kwa mama, mkuu. Mimi nauza samaki pale Feri mwaka wa kumi na moja sasa, na wateja wengi huniambia wanamnunulia mzee samaki kwa ajili ya akili. Naomba unieleze kama ni kweli ama ni maneno ya sokoni, na kama ni kweli, ni samaki yupi. Changu na nguru bei imepanda kiasi kwamba siwezi kumshauri mtu mwenye pensheni ndogo anunue kila wiki.

Mwana wa Tandika

Asante, ndugu yangu. Jibu ni ndiyo, lakini tusilivute zaidi ya urefu wake.

Samaki wenye mafuta mengi wana aina ya mafuta yaitwayo omega-3, na mojawapo ya mafuta hayo ni sehemu ya kuta za seli za ubongo. Watu wanaokula samaki mara kwa mara wameonekana katika tafiti nyingi kuwa na kumbukumbu bora wanapozeeka. Lakini vidonge vya mafuta ya samaki vilipojaribiwa kwa wazee wasio na tatizo, havikuonyesha kwamba vinazuia dimensia. Mimi naelewa hivi: samaki ana faida kama chakula kizima, kwa sababu ana protini, ana B12, ni laini kwa mtu asiye na magego, na anachukua nafasi ya kitu kingine kibaya zaidi sahanini.

Habari njema kwa mwenye pensheni ni kwamba samaki wenye mafuta hayo kwa wingi si lazima wawe wa bei kubwa. Vibua wanatosha kabisa, na dagaa pia. Dagaa analiwa mzima, kwa hiyo mzee anapata na madini ya mifupa. Mama yangu tunamlowekea dagaa maji ya vuguvugu, tunatoa vichwa, tunawapika na nyanya na tui jepesi mpaka walainike. Ila wale dagaa waliokaushwa kwa chumvi nyingi, ukiwapika bila kuwaosha vizuri, umempa mzee omega-3 kwa mkono mmoja na presha kwa mwingine. Na samaki aliyekaangwa mpaka akakauka kama ubao, katika mafuta yaliyotumika tangu juzi, huyo mimi simhesabu.

Binti Gerezani

Habari zenu wote. Kaka yangu alimnunulia baba dawa za kuongeza kumbukumbu kwa shilingi 85,000 kutoka kwa mtu aliyekuja kufanya semina mtaani kwetu. Kwenye chupa imeandikwa majani ya ginko. Baba amezimeza miezi mitatu na hakuna mabadiliko, lakini kaka anasema tuwe na subira. Je, tuendelee?

Mwana wa Tandika

Dada, mimi si daktari, na baba aonwe na daktari. Lakini kuhusu ginko, hili halihitaji subira, kwa sababu wenzetu wamekwisha kuwa na subira kwa niaba yetu. Nchini Marekani watu 3,069 wenye miaka 75 na zaidi waligawanywa, nusu wakapewa ginko mara mbili kwa siku na nusu wakapewa vidonge visivyo na dawa, wakafuatiliwa kwa takriban miaka sita. Matokeo yalitolewa mwaka 2008: ginko haikupunguza idadi ya waliopata dimensia. Zaidi ya hapo, kama baba anatumia dawa za kuyeyusha damu, kuna wasiwasi kwamba ginko inaweza kuongeza kutoka damu, hivyo daktari ni lazima aambiwe.

Nitasema na jambo la hesabu, kaka asinikasirikie. Kwa shilingi 85,000 baba angekula mayai, maharage, mboga za majani na dagaa kwa wiki nyingi, na ikabaki nauli ya kwenda kupima presha. Anayeuza chupa anafika mtaani kwa sababu mchicha hauna mtu wa kuufanyia semina.

Mwalimu Mstaafu

Vijana, nawasoma kwa makini, na ninawashukuru kwa lugha ya staha. Mimi nina miaka 71, nilifundisha hisabati kwa miaka 34. Nina mashaka mawili, naomba yajibiwe.

Shaka la kwanza: bibi yangu alifika miaka inayokaribia tisini akila ugali, mlenda na muhogo, hakuwahi kusikia omega-3, na aliwajua wajukuu wake wote kwa majina na kwa siku walizozaliwa. Kama chakula cha asili kilimtosha yeye, kwa nini kwenye simu tunaletewa mapishi ya Chicago na Hispania ya kulinda ubongo? Shaka la pili: mimi ni mtu wa Pwani. Kila ninapokwenda kliniki naambiwa niache nazi. Kila ninapofungua simu naambiwa mafuta ya nazi yanatibu ubongo. Wote wawili hawawezi kuwa sahihi.

Mwana wa Tandika

Shikamoo mwalimu. Maswali yako yamenifanya nirudi kusoma tena, na nitayajibu kwa urefu kidogo.

Kuhusu bibi, kwanza tukumbuke kwamba tunawakumbuka waliofika. Wenzake waliokufa wakiwa na miaka hamsini kwa kiharusi hawakubaki kuonyesha walichosahau. Tena bibi alitembea kwenda shamba na kuteka maji, na hakukaa ndani ya daladala saa mbili kutoka Mbagala kwenda Posta. Lakini upande mmoja nakuunga mkono kabisa. Mwaka 2025 ulichapishwa utafiti uliofanyika mkoani Kilimanjaro kwa vijana wa kiume 77 wenye afya. Waliozoea chakula cha asili, yaani ndizi, maharage, mboga na nafaka zisizokobolewa, walipewa chakula cha kisasa cha kukaanga na cha viwandani kwa wiki mbili. Wengine wa mjini walifanyiwa kinyume chake. Waliohamia chakula cha kisasa damu yao ilionyesha dalili zaidi za uvimbe wa ndani kwa ndani, na waliohamia chakula cha asili walionyesha kupungua kwa dalili hizo. Walikuwa vijana, na hawakupimwa kumbukumbu, kwa hiyo tusiseme zaidi ya hapo. Lakini uvimbe wa namna hiyo ukidumu miaka mingi ni miongoni mwa mambo yanayochakaza mishipa. Bibi alikuwa na sahani nzuri, mwalimu. Tatizo ni kwamba sisi tumeiacha, tukabaki na ugali wake bila mlenda wake.

Na huo ugali wenyewe si ule. Sembe ni mahindi yaliyokobolewa, kiini na pumba vimeondoka, na humo ndimo zilimokuwa nyuzinyuzi na sehemu kubwa ya vitamini za kundi B. Dona linabaki nazo.

Sasa Chicago. Mwaka 2015 mtafiti Martha Clare Morris na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rush kilichoko huko walitoa matokeo ya kuwafuatilia watu 923 wenye miaka 58 hadi 98 kwa wastani wa miaka minne na nusu. Walitengeneza mlo waliouita MIND, wenye mboga za majani, maharage, njugu, nafaka zisizokobolewa, samaki, kuku, mafuta ya zeituni na matunda ya jamii ya forosadi, huku siagi, jibini, nyama nyekundu, vitu vitamu na vya kukaanga vikipunguzwa. Walioufuata kwa karibu sana walipata ugonjwa wa Alzheimer kwa kiwango kilicho chini kwa asilimia 53. Takwimu hiyo ndiyo inayozunguka kwenye simu zetu.

Kisichozunguka ni kilichofuata. Mlo huo ulipofanyiwa jaribio la kweli, watu 604 wenye miaka 65 na zaidi wakigawanywa kwa bahati nasibu, kundi moja likila mlo wa MIND na jingine likiendelea na chakula chake, yote mawili yakipunguza kidogo kiasi cha chakula, baada ya miaka mitatu hapakuwa na tofauti ya maana kati yao. Matokeo hayo yalitolewa mwaka 2023. Makundi yote mawili yalipungua uzito na yote yalifanya vizuri kidogo kwenye vipimo vya akili. Na huko Uingereza, wafanyakazi wa serikali 8,225 walifuatiliwa karibu miaka 25, na ubora wa chakula chao walipokuwa na umri wa kati haukuonyesha uhusiano wa maana na nani alipata dimensia baadaye.

Wewe ni mwalimu wa hisabati, utaona mtego ulipo. Dimensia huanza ubongoni miaka mingi kabla ya dalili. Mtu anayeanza kuugua husahau kupika, hupoteza hamu, hula chai na mkate. Ukimpima wakati huo utasema chakula kibaya kimemletea ugonjwa, kumbe ugonjwa ndio ulioleta chakula kibaya. Mama yangu hadi leo sijui kwake kipi kilitangulia.

Hispania ilikuwa na matokeo yenye nguvu kidogo. Huko Barcelona wazee walipewa bure mafuta ya zeituni au njugu pamoja na mlo wa nchi za Mediterania, na wakalinganishwa na walioshauriwa kupunguza mafuta. Katika matokeo ya mwaka 2015 waliopewa vitu hivyo walifanya vizuri zaidi kwenye vipimo vya kumbukumbu na fikra. Sisi mafuta ya zeituni ni anasa, lakini karanga zipo, korosho za Mtwara zipo kwa mwenye nafasi, na mafuta ya alizeti ya Singida si ya kuganda kama mawese.

Kuhusu nazi, mwalimu, naona kliniki wamekaza sana na simu imedanganya. Karibu asilimia 90 ya mafuta ya nazi ni ya aina inayopandisha lehemu (kolesteroli) mbaya, na tume ya jarida la Lancet mwaka 2024 iliitaja lehemu hiyo, ikiwa juu katika umri wa kati, kuwa miongoni mwa mambo 14 yanayoongeza uwezekano wa dimensia. Kunywa kijiko cha mafuta ya nazi kila asubuhi kwa ajili ya ubongo hakuna ushahidi wa kuaminika. Lakini tui la pili kwenye samaki, au kisamvu cha nazi mara moja kwa wiki, si kitu ambacho mimi ningemnyima mtu wa Pwani mwenye miaka 71. Ningemwondolea kwanza chumvi.

Mwalimu Mstaafu

Marahaba mwanangu. Jibu la nazi limeniridhisha. La takwimu limenifurahisha zaidi, maana nilikuwa nimejiandaa kukusahihisha.

Nesi wa Zamu

Naomba niongeze ya wodini, kwa sababu mada imeelemea kwenye tafiti za miaka mingi, wakati sisi tunapokea wazee waliochanganyikiwa tangu jana.

Mzee akibadilika ghafla, leo anakujua kesho anakuita jina la marehemu kaka yake, hiyo si dimensia inayoanza. Ni kuweweseka, na mara nyingi kuna sababu inayotibika: maambukizi ya njia ya mkojo, upungufu wa maji, dawa mpya, au sukari iliyoshuka. Mzee hahisi kiu kama kijana. Katika joto la Februari hapa Dar, anaweza kukauka akiwa amekaa kimya kivulini, na ninyi mkadhani amepumzika. Mleta mada ametaja choo na taa ya uani. Ndugu zangu, wekeni hiyo taa. Nimewaona wengi wanaojinyima maji kwa sababu ya choo.

Kuhusu sukari kushuka: kuna dawa za kisukari ambazo zinaishusha sukari hata kama mtu hajala. Mzee anameza kidonge asubuhi, anakunywa chai kavu, mchana hakuna aliye nyumbani, jioni anakutwa anatetemeka na kuongea yasiyoeleweka. Kushuka vibaya kwa sukari mara kwa mara kunaumiza ubongo. Mwezi wa Ramadhani tunapokea wengi wa namna hii. Mzee mwenye kisukari anayetaka kufunga amwone daktari wiki kadhaa kabla, dawa na muda wake vipangwe upya, na kama daktari amesema asifunge, dini yenyewe imempa ruhusa.

La mwisho ni uzito. Watoto wakisikia habari hizi huanza kumkatia mzee chakula. Unene wa umri wa kati ni hatari kweli, lakini mzee wa miaka 75 anayepungua bila sababu, vazi likimpwaya mabegani, hiyo ni ishara ya kumpeleka hospitali na si ya kumpongeza. Protini kwake inahitajika zaidi, si pungufu. Wataalamu wengi wanapendekeza angalau gramu moja kwa kila kilo ya uzito kwa siku, isipokuwa kama figo zina tatizo. Mzee wa kilo 60 hapati hiyo kwa mchuzi wa maharage.

Binti Gerezani

Dada Nesi, ahsante, hilo la uzito limenigusa, maana baba suruali zake zote sasa anafunga kamba. Mleta mada, naomba utuambie mama anakula nini siku hizi, kwa kina, maana ushauri wa jumla tumeusikia.

Mwana wa Tandika

Nesi, ahsante sana. Taa iliwekwa, na ndiyo iliyokuwa dawa ya bei nafuu kuliko zote tulizonunua.

Nyumbani kwa mama mambo yako hivi. Asubuhi anakunywa uji wa ulezi na karanga zilizosagwa, sukari kijiko kimoja. Yai moja la kuchemsha lipo karibu kila siku. Chai hatukumwondolea, kwa sababu tungekuwa tumemwondolea na majirani wanaokuja kuinywa naye, ila vijiko vitatu vimekuwa kimoja na nusu. Ilichukua miezi miwili, tukipunguza robo kwa robo bila kutangaza.

Mchana ni dona laini au viazi vitamu, na mboga za majani kila siku: mchicha, matembele, kisamvu, majani ya maboga, kulingana na kilichopo gengeni. Magadi tumeyaacha. Yana sodiamu ileile ya chumvi, na yanaharibu baadhi ya vitamini za kundi B na vitamini C kwenye mboga. Mwanzoni mama alilalamika kwamba mboga inamkwaruza, ndipo tukaanza kuikatakata laini sana na kuiunga na karanga. Maharage tunayaponda kwa mwiko yakiwa ndani ya sufuria. Vibua au dagaa ni mara tatu kwa wiki. Maini kidogo mara moja kwa mwezi.

Hizo B12 za chakula hazikutosha kumrudisha, nalisema hili wazi. Mzee tumbo lake hutoa asidi pungufu, na asidi ndiyo inayoifungua B12 kutoka kwenye nyama na samaki. Metformini nayo ikitumika miaka mingi hupunguza ufyonzaji, na vidonge vya vidonda vya tumbo kama omeprazole vinaweza kufanya hivyo hivyo. Ini lina akiba ya miaka kadhaa, ndiyo maana upungufu unakuja kimya kimya. Sindano ndizo zilizofanya kazi, chakula kinasaidia kubaki pale. Na asiache mtu metformini kwa kusoma haya. Mwombe daktari kipimo.

Chumvi ndiyo ilikuwa vita kubwa. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko kimoja kidogo, kwa mtu mzima na kwa vyakula vyote. Mama alikuwa akimaliza hiyo kabla ya saa nane mchana, kwa sababu ulimi wa mzee huonja chumvi kwa shida na mjukuu naye alikuwa akimwaga viungo vya pakiti kwenye kila mchuzi, ambavyo vingi vina chumvi tele. Tumehamia kwenye limau, tangawizi, kitunguu saumu na bizari. Sababu ya kukazana hapa kuliko pengine ni ushahidi wenyewe: nchini Marekani, katika jaribio lililowahusisha zaidi ya watu 9,300 wenye presha, walioshushiwa presha kwa nguvu zaidi walipata upungufu wa mwanzo wa kumbukumbu kwa kiwango kilichopungua kwa asilimia 19. Huo ni wa mwaka 2019. Jaribio hilo lilifanywa kwa dawa chini ya uangalizi, kwa hiyo vidonge vya presha mama hakosi hata siku moja. Chumvi kidogo ni ya kuvisaidia vidonge.

Na mjukuu sasa anakula mezani naye. Zamani alikuwa akimpelekea sahani chumbani na kurudi kwenye simu yake. Mama akiwa peke yake hula tonge tano. Akiwa na mtu wa kumsimulia habari za Pugu ya mwaka 1974, humaliza sahani bila kujua.

Kibua wa Feri

Mkuu, je, chakula peke yake kinatosha? Maana umetaja na kutembea.

Mwana wa Tandika

Hakitoshi. Finland walijaribu kuunganisha vitu vinne kwa pamoja, yaani chakula, mazoezi, mazoezi ya akili, na ufuatiliaji wa presha na sukari, kwa watu 1,260 wenye miaka 60 hadi 77. Baada ya miaka miwili, katika matokeo ya mwaka 2015, kundi hilo lilikuwa mbele ya wenzao kwenye vipimo vya akili. Hakuna awezaye kusema robo gani ni ya chakula. Mama anatembea hadi gengeni na kurudi kila asubuhi, na hesabu ya chenji anaifanya mwenyewe, hata kama muuza genge amekwisha kuifanya.

Mwalimu Mstaafu

Narudi kutoa taarifa. Jumatatu nilikwenda kupima. Presha ilikuwa 168 kwa 94, nami nilikuwa nikijisikia mzima kabisa. Nimeongezewa dawa. Omeprazole nimeitumia miaka sita bila kuulizwa na mtu, basi nimeomba na kipimo cha B12, majibu ni Ijumaa. Mke wangu amekificha kichupa cha chumvi na amekataa kuniambia kilipo. Nilidhani ningekikumbuka mahali pake pa zamani, lakini hata hapo pamehamishwa.

Ndugu Kibua wa Feri, Jumamosi nitapita sokoni kwako. Unafungua saa ngapi?

Kibua wa Feri

Shikamoo mwalimu. Fika kabla ya saa moja na nusu asubuhi, mashua zikiwa bado zinashusha. Ulizia meza za vibua upande wa maji. Nitakutengea wa kilo mbili, na nitakuparia mwenyewe.